Oda ya Mkono wa Kushoto

Nina mashoto. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne na kuifuta mara tatu, na mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye shahada ya fasihi, kwa hiyo kufuta ni kazi niliyosomea. Miaka ishirini na miwili niliyokaa kwenye dawati la oda maalumu nilikana jambo hili mbele ya kila aliyeniuliza, na mbele ya wengi ambao hawakuniuliza. Kalamu naishika kwa mkono wa kulia, kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la kwanza kule Tanga alikuwa na rula na hakuwa na haraka. Nakula kwa kulia, kwa sababu nililelewa na bibi. Lakini viazi namenya kwa kushoto, nyundo napiga kwa kushoto, na nikikasirika kidole kinachonyooka ni cha kushoto. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliligundua hilo wiki ya pili ya ndoa. Akanyamaza, kama mtu aliyeuziwa gari lenye kasoro ndogo lakini linalotembea.

Nawaandikia nyinyi mnaolirithi dawati langu pale kwenye duka la bunduki la Euless, Marekani. Wawili kati yenu mnasoma Kiswahili. Wengine mtatafsiriwa, na nawatakia kila la heri. Vyeo sitavisimulia. Nilipata viwili, na cha pili kilikuja pamoja na kiti kibovu. Nitawasimulia siku ya kwanza, halafu oda moja ya mwaka wangu wa mwisho. Hiyo ndiyo oda pekee ambayo nusu ya muda sikuelewa kabisa kinachoendelea.

Siku ya kwanza nilikuwa sijawahi kushika bunduki. Niliomba kazi kwa sababu duka lilikuwa karibu na nyumba yetu ya kupanga, na kwa sababu tangazo lilitaka mtu mwenye mwandiko mzuri. Ndege zilipita juu ya paa kila baada ya dakika chache, na kila zilipopita kreti za risasi zilitetemeka kwenye rafu, nami nikatetemeka pamoja nazo. Nilikabidhiwa kwa Wendell, fundi bunduki wa duka, mzee mrefu mwenye aproni ya ngozi ambayo nadhani alizaliwa nayo. Hakunisalimu. Alisema tu, "Shika," akanirushia rundo la funguo.

Niliona kabisa mkono wangu wa kushoto unaondoka. Nikaurudisha nyuma ya mgongo, nikaupeleka na wa kulia huko huko ili usionekane mpweke, na funguo zikanipiga kifuani zikaanguka chini.

Wendell akaziangalia funguo, akaniangalia mimi. "Hm," alisema.

Hiyo "hm" ilidumu miaka ishirini na miwili.

Mchana akanifundisha kazi. Kitako cha bunduki, kwa wale watakaosoma hapa bila kuwahi kukigusa, ni ule mti ambao chuma chote kinalala juu yake. Ndio unaouegemeza begani na kuulalia shavu. Kikiwa kirefu mno, unafika kwenye triga kwa ncha ya kidole kama mtu anayebonyeza kengele ya jirani asiyempenda. Kikiwa kifupi, gumba lako linakupiga pua. Kwa hiyo mteja anakunja mkono mpaka kiwiko kisimame kama kona ya meza, nawe unapima kuanzia kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kwenye kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada. Wendell alipima kwa chuma. Mimi nilileta futi ya kitambaa, ya fundi cherehani, na baada ya mwezi naye akaanza kuiazima.

"Na mkono?" nilimwuliza. "Nitajuaje kama ni wa kulia au wa kushoto?"

"Usimwulize. Mrushie kitu. Mdomo unajibu ulichofundishwa."

Ushauri huo niliufuata kwa Wamarekani bila shida yoyote. Niliwarushia pakiti za vizibo vya masikio, soksi, na siku moja sendwichi. Wanadaka, wanacheka, unaandika. Lakini wateja wa kwetu nao wakaanza kuja, Watanzania wa Cedar Hill, mji wa karibu, Wakongo wa hapa Euless, Wakenya wawili watatu, na hapo mkono wangu ukawa mzito. Utamrushiaje mtu mzima kitu? Mtu mzima unampa kwa mikono miwili, na ukiweza unapiga na goti kidogo. Kwa hiyo wa kwetu niliwauliza kwa mdomo, kwa adabu, nao wakanijibu kwa adabu. Ndipo balaa lilipoanzia, na nitawaeleza lilivyokwenda.

Wawindaji wetu walifika ishirini na watatu. Karibu wote walikuwa na bunduki ya aina moja. Wa kwanza alinunua kwangu, wa pili akamwuliza wa kwanza, na kuanzia hapo mambo yakaenda kama yanavyokwenda magari yetu: mmoja akinunua aina fulani, mtaa mzima unanunua hiyo hiyo. Mwenyekiti wao alikuwa Lazaro, mhasibu wa Cedar Hill, mzee wa kanisa, mtu wa suti hata kwenye choma choma. Aliongoza uwindaji kwa misimu sita na hakuwahi kuua hata kulungu mmoja. Msimu wa kwanza ilikuwa upepo, wa pili darubini, wa tatu upepo tena. Hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake.

Mwaka wangu wa mwisho, Lazaro akaja na wazo. Wote waagize vitako vipya vya kuchongwa, vya aina moja, kwa mpigo. "Kama sare," alisema. Nami nilijua maana yake. Katika lile kundi lao la WhatsApp walibishana juu ya rangi kwa wiki tatu, kahawia iliyoiva au kahawia ya asali, kama kamati ya harusi inayochagua kitenge cha mashangazi. Mtu akapendekeza majina yachongwe ubavuni. Mwingine akauliza kama jina la ukoo nalo lihesabiwe.

Mchongaji alikuwa Curtis wa Katy, kule magharibi ya Houston. Anafanya kazi kwenye gereji yake kwa mashine ya kunakili: sindano moja inapita juu ya kitako cha mfano, kisu cha pili kinakata mti mpya kwa kufuata nyayo zile zile. Sharti lake lilikuwa moja. Kila mfano uwe na oda tano au zaidi, maana kuipanga mashine ni kazi ya siku mbili.

Jumamosi moja nikaenda Cedar Hill kupima. Tulikula pilau kwanza. Kisha nikasimama kwenye gereji ya Lazaro na futi shingoni, nikaanza na mwenye nyumba.

"Mkono, Mwenyekiti?"

"Kulia, bila shaka!" alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kwani sisi tumelelewa wapi? Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake moja, na si ya mbele za watu."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, tena nadhani nilicheka zaidi ya wote. Baada ya hapo nani angejibu vingine? Mama Neema, nesi wa Katy: kulia. Saidi, mtu wa kompyuta wa Houston: kulia, dada, kulia. Nikaandika kulia mara ishirini na mbili kwa mwandiko wangu mzuri.

Wa mwisho alikuwa Bahati. Ni mzee wa Kikongo anayefanya kazi kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, mpole kiasi kwamba akikaa kwenye kiti huombi radhi kupita, yeye ndiye anayekuomba.

"Mama Mwanaidi," akaninong'oneza, "miye nitataka ya kushoto. Si mashoto, hapana. Ni jicho. Hili la kuume imekufa."

Presha ya macho ilikuwa imelila jicho lake la kulia polepole, naye akidhani ni vumbi la bohari. Sasa alilenga kwa jicho la kushoto huku bunduki ikiwa bega la kulia, shingo imepinda kama kuku anayesikiliza. Msimu uliopita alirudi na shingo isiyogeuka kwa wiki mbili. Daktari akamwambia ahamie bega la kushoto au aache kabisa. Kitako chake cha zamani Wendell alikwisha kukichonga kimfuate bega la kulia, na vitako vya mfano wa Curtis navyo vilikuwa vimepindwa na kuvimbishwa shavuni kwa ajili ya mtu wa kulia. Wa kushoto akikilalia, anaegemea mahali ambapo hakuna kitu.

"Na ikikosekana?" nilimwuliza.

"Nitaacha bunduki dukani kwako, muiuze. Bega la kuume siwezi tena." Akatoa pochi, akafungua karatasi iliyokunjwa mara nane. Ilikuwa stakabadhi ya bunduki yake, niliyoiandika mimi mwenyewe miaka mingi nyuma. "Unaona hii? Nimeishi kambini miaka kumi na saba. Kila karatasi yenye jina langu ilikuwa ya kuomba. Kuomba unga, kuomba hema, kuomba kuondoka. Hii ndiyo ya kwanza haiombi kitu."

Nikampima upya.

Curtis nikampigia Jumatatu. "Mmoja sitengenezi," alisema. "Niletee watano wa kushoto kabla ya msimu, nitawachongea." Nikaandika kwenye kundi lao: ndugu zangu, kuna yeyote mwenye mashoto? Siku nzima kimya. Jioni Lazaro akajibu kwa niaba ya wote: "Dada, humu hakuna." Na mimi, niliyeuliza, nilikuwa nimeishika simu kwa mkono wa kushoto.

Vitako ishirini na viwili vya kulia vikachongwa, vikaja, vikafungwa. Vilipendeza kweli. Na baada ya wiki mbili simu zikaanza.

Mama Neema: kitako kinamuuma shavu. Saidi: gumba halina pa kukaa. Nilichukua fomu zao nikazipitia, kisha nikampigia Curtis akapitia mfano. Kila kitu kilikuwa sawa. Vitako vya zamani vya kiwandani, vilivyo bapa pande zote, havikuwahi kumuuma mtu. Hivi vilivyopimwa mpaka upana wa kidole ndivyo vilivyouma. Nilianza kuhofia kwamba futi yangu imevutika baada ya miaka ishirini na miwili ya kunyongwa shingoni. Nikaipima kwa rula. Nikaipima rula kwa rula nyingine. Hapo ndipo nilipoona kwamba kustaafu si wazo baya.

Nikaomba ruhusa, nikaendesha gari kutoka Euless hadi Katy, safari inayokula nusu siku na uvumilivu wote, nikakutana na Mama Neema kwenye uwanja wa shabaha. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado kavaa sare ya unesi.

"Hebu weka begani nikuone," nikamwambia.

Akaweka bega la kulia. Kilikaa kama kimemea pale. Shavu sawa, kidole sawa, jicho katikati ya darubini.

"Sasa kinauma wapi?"

"Sasa hakiumi."

"Kinauma lini?"

Akafikiri. "Nikiwa peke yangu."

"Mama Neema."

"Naongea ukweli, dada! Ukiniangalia kinakaa. Nikiwa porini mwenyewe, kinauma. Nimeanza kufikiri labda nina kitu kichwani."

Tulikaa kwenye benchi tumechoka. Nilirudi kwenye fomu, nikatazama dari, nikatazama wanaume wa uwanja ule wakitutazama sisi, wanawake wawili wa makamo wanaojadili kitako kinachoogopa mashahidi. Nilikuwa na chungwa kwenye mkoba. Sikuwa na mpango wowote, nakiri. Nilikumbuka tu aproni ya ngozi na ile "hm", na nikasema, "Mama Neema, shika," nikamrushia.

Alilidaka hewani kwa mkono wa kushoto, safi, kama mtu anayechuma tunda.

Tuliutazama mkono ule kana kwamba kuna mtu wa tatu aliyekuja kukaa nasi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kuzaliwa." Akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Mbele za watu natumia kulia. Porini nani ananiona? Kulungu?"

"Kwenye gereji ile mbona hukusema?"

"Baada ya hotuba ya Mwenyekiti? Wewe ungesema?"

Swali lilikuwa la kawaida, na yeye hakujua anamwuliza nani. Nilitoa kisu mkobani, nikachukua lile chungwa nikaanza kulimenya. Alikitazama kisu, akautazama mkono ulioshika kisu, akanitazama usoni.

"Ala!" alisema. "Na wewe!"

Hiyo ndiyo siku niliyoacha kukana, bila kutamka neno. Jioni hiyo hiyo tulimfuata Saidi Houston. Nilimrushia funguo za gari mlangoni, kabla hajanipa shikamoo yangu. Alidaka kwa kushoto, akazitazama, akasema, "Dada Mwanaidi, naomba mke wangu asijue." Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake. Alijua tangu posa.

Bahati, Mama Neema, Saidi. Wa nne nilikuwa mimi, ambaye sina bunduki wala sijawahi kuua kitu kikubwa kuliko mende. Nilijiandikia kitako cha bunduki isiyokuwepo. Curtis hakuuliza bunduki iko wapi, na kwa hilo namheshimu. Wendell, ambaye alistaafu zamani lakini kila Alhamisi huja kunywa kahawa yetu, alilisoma jina langu kwenye orodha.

"Hm," alisema, na safari hii akatabasamu.

Akabaki mmoja. Curtis alitupa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo angeifungua mashine kwa kazi nyingine na kushoto kungengoja mwaka mwingine. Niliwapigia simu wote waliobaki isipokuwa Mwenyekiti, mmoja mmoja, na kila mmoja nikaanza kwa kumwambia la kwangu. Wengine walicheka, wengine walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Wote walikuwa wa kulia kweli, na sina sababu ya kuwashuku.

Lazaro alinipigia mwenyewe, amekasirika.

"Dada, nasikia unatafuta watu wa mkono wa kushoto nyumba kwa nyumba, kama anayetafuta wachawi."

"Natafuta mtu mmoja tu, Mwenyekiti. Kwa ajili ya mzee Bahati."

"Mzee Bahati tutamwombea. Lakini usiwaharibie watu majina."

"Jina langu liko la nne kwenye orodha," nikasema. "Halijaharibika bado."

Akasema ana mkutano, akakata simu.

Ijumaa ikafika. Saa tisa alasiri Bahati aliingia dukani akiwa na sare ya bohari na bunduki ndani ya mkoba wake mrefu. Alikuja kuiacha, kama alivyosema. Aliweka mkoba juu ya kaunta kwa mikono miwili, akatoa ile stakabadhi iliyokunjwa mara nane, akailaza juu yake na kuinyoosha kwa kiganja.

"Tungoje mpaka saa kumi," nikamwambia.

"Nitangoja. Lakini usiumize roho, Mama. Umejaribu."

Nilimtilia chai. Ndege zilipita, rafu zikatetemeka. Nilichukua fomu ya kutuma kwa Curtis nikaiweka mbele yangu, majina manne na mstari mmoja mtupu, nikaukodolea macho kama mtahiniwa. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili simu ya dawati ikalia.

"Mwanaidi." Ilikuwa sauti ya Lazaro, chini chini. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. "Uko na watu?"

"Niko na mzee Bahati."

"Basi usirudie ninayosema. Umewahi kujiuliza kwa nini misimu sita sijaua hata mmoja?"

"Nilidhani ni upepo, Mwenyekiti."

"Na mimi nilisema ni upepo." Akapumua. "Wenzako wote hao, nasikia, wakiwa peke yao porini walikuwa wanahamisha. Mimi hata peke yangu nilitumia kulia. Nilisema Mungu yupo kila mahali."

"Yupo, Mwenyekiti."

"Na nilikuwa namkosa kulungu kila mahali. Mama yangu alinifunga huu mkono na kanga mwaka mzima. Mwaka mzima, Mwanaidi. Kila alipoufungua, nilimwahidi. Sasa niambie, mzee ana hali gani?"

Nilimtazama Bahati. Alikuwa amekaa wima, jicho lake zima limetulia kwangu, kiganja bado juu ya karatasi yake.

"Anangoja," nikasema.

"Basi andika. Andika Lazaro, na ubavuni wachonge jina la ukoo pia, kama tulivyokubaliana kwenye kamati. Na hiyo bunduki yake mwambie airudishe nyumbani."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika simu. Kalamu ilikuwa juu ya fomu, upande wa pili. Nikaichukua. Bahati akaona, akaanza kuikunja stakabadhi yake taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Umeandika?" Lazaro akauliza.

"Naandika, Mwenyekiti. Nivumilie kidogo. Mkono huu haujawahi kuandika."